Rangi ya Udongo na Jina Lake

Kitabu ninachokusudia kukihakiki hakina hadithi, na maneno yake ni machache mno. Sehemu kubwa ya kurasa zake ni vipande vidogo vya karatasi iliyopakwa rangi, vimepangwa safu kwa safu, vyekundu, vya kahawia, vya manjano, vya kijivu, hata vyeusi. Kando ya vipande hivyo pana matundu. Mtu huokota donge la udongo, akaliweka nyuma ya ukurasa, akachungulia tunduni mpaka apate rangi inayolandana na donge lake. Kisha huandika tarakimu na herufi zinazokitambulisha kipande hicho, akafunga kitabu. Wataalamu wa udongo wa nchi nyingi wanakitumia, nao hukiita kwa jina la mtu aliyebuni mpangilio wake, Munsell.

Nilikishika kwa mara ya kwanza Ziba, shambani kwa shangazi yangu, siku wanafunzi wa chuo kikuu kimoja walipokuja na mhadhiri wao kuchimba mashimo ya kuchunguzia udongo. Mimi, mwalimu mstaafu, niliitwa niwe mkalimani kati yao na wazee. Mwanafunzi mmoja alinipa kitabu nimshikie wakati akinawa mikono. Nilikifungua nikidhani ni sampuli za muuza rangi za nyumba. Sikujua kwamba nimeshika kazi iliyoanzwa na mchoraji, ikasahihishwa na wataalamu wa mwanga, ikaishia mikononi mwa watu wa kilimo. Tangu siku hiyo nimekifikiria kuliko riwaya nyingi nilizosoma, na nathubutu kusema kuwa ni kitabu kizuri. Lakini kina upungufu, na upungufu wake ulinikumbusha kosa langu mwenyewe. Ndiyo maana naandika.

Albert Munsell alizaliwa Boston, Marekani, mwaka 1858. Alikuwa mchoraji wa sura za watu na mwalimu katika chuo cha kufundishia walimu wa sanaa. Jambo lililomkera ni majina ya rangi. Watu husema kijani cha majani kana kwamba majani yote ni ya kijani kimoja. Husema rangi ya udongo kana kwamba dunia nzima ina udongo wa shimo moja. Sisi wenyewe tunaijua taabu hiyo. Mpelekee fundi cherehani neno damu ya mzee, naye atakuletea damu ya mzee wake, si ya wako. Munsell aliona kuwa mwanamuziki akiandika sauti kwa alama, mwenzake wa mbali ataziimba zilezile. Kwa nini basi rangi zisiandikwe? Mwaka 1905 akatoa kitabu kidogo juu ya namna ya kuziandika. Alieleza kwamba kila rangi ina mambo matatu: aina yake, kama nyekundu au manjano; mwangaza wake, kuanzia sifuri ya weusi hadi kumi ya weupe; na ukolevu wake, yaani imekolea au imefifia kiasi gani. Ukijua hayo matatu unaweza kuitaja rangi yoyote bila kusema damu ya mzee. Alikufa mwaka 1918, na sidhani aliwahi kuwaza kwamba kazi yake ingeingia matopeni.

Kwa watu wa Unyamwezi tatizo hili la kukubaliana juu ya rangi si geni. Ziba ni kata ya Wilaya ya Igunga, kaskazini-mashariki ya mji wa Tabora, na Tabora ilikuwa kitovu cha misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na maziwa makuu. Misafara hiyo ilibeba shanga za kioo, na kila nchi ilikuwa na rangi iliyoipenda. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame ziliweza kununua chakula mahali ambapo rangi nyingine zilikataliwa. Burton, aliyefika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857 pamoja na Speke, aliziorodhesha shanga kwa majina na rangi zake kwa uangalifu wa mwenye duka. Aliyekosea rangi alipokuwa akinunua mzigo wake Unguja alijuta akiwa njiani, na wapagazi wake wakalala na njaa.

Aliyeivusha kazi ya Munsell kutoka darasa la uchoraji hadi kwenye kilimo ni mwanamke, Dorothy Nickerson. Alianza katika maabara ya Munsell miaka ya 1920, na mwaka 1927 akaingia Wizara ya Kilimo ya Marekani kushughulikia rangi za mazao, pamba ikiwa mbele. Daraja la pamba hutegemea rangi yake pamoja na mambo mengine, na wakati huo wapangaji wa madaraja walitegemea macho yao na mwanga wa dirishani. Sasa, asubuhi yenye mawingu na mchana mweupe hazitoi hukumu moja. Nickerson alichunguza ni taa gani zinazoweza kuuiga mwanga wa mchana ili mazao yapangwe kwa haki, na mwaka 1939 akachapisha uchunguzi huo katika jarida la chama cha wataalamu wa mwanga cha Marekani. Mwaka 1943 yeye, Newhall na Judd wakatangaza katika jarida hilohilo masahihisho ya mpangilio wote wa Munsell, ili hatua kutoka rangi moja hadi nyingine zilingane jinsi jicho la binadamu linavyoziona. Kadi za rangi za udongo zimejengwa juu ya kazi hiyo.

Mkulima wa Ziba asiyasome haya kama ngano za mbali. Igunga ni wilaya ya pamba, na chama kikuu cha ushirika cha huko kimepewa jina la Igembensabo, yaani jembe ni mali. Msimu ukifika, watu hukaa uani na watoto wao wakichambua: pamba safi huku, pamba fifi kule. Iliyonyeshewa au kuharibiwa na wadudu ikaingia manjano huenda upande wa fifi, na bei yake hushuka. Mama zetu walitukataza kuchambua pamba jua likielekea kuzama. Tulidhani ni mwiko tu. Kumbe jua likiwa chini, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, na sehemu yake ya buluu hutawanyika njiani. Unaobaki umeegemea manjano na wekundu, na pamba safi huonekana fifi. Yale aliyoyapima Nickerson kwa vyombo, mama zetu waliyajua kwa hasara.

Kitabu cha Munsell kinadai uangalifu uleule. Yule mhadhiri aliwaamuru wanafunzi wasisome rangi asubuhi mapema wala jioni. Wasimame juani, si chini ya mwembe. Donge lenye unyevu lisilinganishwe na donge kavu. Kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua aliambiwa aivue, na wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilianza kuelewa kwamba rangi haikai ndani ya udongo kama chumvi ndani ya mchuzi. Rangi ni mapatano ya watatu: udongo, mwanga na jicho. Mmoja akibadilika, mapatano yamevunjika.

Na kwa nini wahangaike hivyo? Kwa sababu rangi ni shahidi. Wekundu wa udongo wa mwinuko ni aina ya kutu ya chuma, nao husema kuwa maji hapa hayatuami na hewa inapita. Udongo wa kijivu wenye madoadoa husema kuwa maji husimama hapa muda mrefu, chuma kikanyimwa hewa mpaka wekundu ukaondoka. Weusi wa mbuga humdanganya mgeni, akadhani ni mbolea tupu, kumbe mboji kidogo iliyoshikamana na mfinyanzi inatosha kuutia udongo wote weusi. Mtaalamu akiandika kwamba tabaka fulani ni 2.5YR 3/6, mwenzake aliyeko Brazil atafungua kitabu chake na kuuona wekundu ule uliokolea bila kukanyaga Ziba. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya kitabu hiki. Kimewapa watu wasioonana, wasio na lugha moja, uwezo wa kutazama donge moja la udongo. Sifa yake ya pili ni kwamba hakijisifu. Hakisemi udongo huu ni mzuri au mbaya. Kinasema rangi yake, kikanyamaza.

Sasa nieleze upungufu wake, nao ulijitokeza siku ileile.

Shimo la kwanza lilichimbwa kwenye mteremko, nyuma ya zizi. Mwanafunzi alilowanisha donge, akachungulia, akaandika 10YR 5/2, ambayo kwa macho yangu ilikuwa kahawia iliyochujuka ikakaribia kijivu. Shangazi, ambaye umri wake umepita miaka themanini, alikuwa amekaa kwenye kigoda akitazama. Akaomba apewe donge. Aliliponda, akalitemea mate kidogo, akalifikicha kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akalitupa.

"Ibambasi," akasema.

Shimo la pili lilikuwa chini zaidi, kiasi cha hatua mia moja. Mwanafunzi akachungulia tena, akaangalia karatasi yake ya kwanza, akachungulia mara ya pili. Akaandika 10YR 5/2. Shangazi akafikicha donge lake.

"Itogolo. Hapa tunapanda mpunga."

"Na pale juu, bibi?" akauliza kijana.

"Pale ni pa ng'ombe, mjukuu wangu. Ukilima pale umelima jembe lako mwenyewe, utaliona linavyokwisha."

Mhadhiri, kwa sifa yake, hakupuuza. Alirudi shimo la kwanza na sululu. Kiganja kimoja tu chini ya uso wa ardhi, chuma kililia kama kimegonga jiwe. Kwenye shimo la pili alishuka hadi magotini ndipo akakuta tabaka gumu, nalo lilikuwa limekaa chini ya udongo laini kama bakuli linavyoshika maji. Ndiyo sababu majaruba ya mpunga ya shangazi hayakauki upesi. Alituambia pia kwamba ule udongo wa kwanza una magadi, na magadi huuziba udongo maji yasipenye. Hivyo rangi moja ilikuwa imefunika mashamba mawili yasiyofanana kwa lolote ambalo mkulima anajali, ilhali vidole vya mwanamke asiyejua kusoma viliyatenganisha kabla ya sululu kuletwa.

Nisieleweke vibaya. Kitabu hakikukosea. Rangi zilikuwa zinafanana kweli, na kitabu hakikuahidi kusema zaidi ya hapo. Kosa lilikuja baadaye, katika karatasi. Miezi mingi ilipita ndipo nakala ya taarifa ikafika kijijini, imechapwa vizuri kwa Kiingereza. Nilikuta 10YR 5/2 mara mbili, nikakuta vipimo vya magadi, nikakuta ramani. Neno ibambasi halikuwamo. Itogolo halikuwamo. Shangazi aliniomba nimsomee, nami nikamsomea tarakimu zile nikizitafsiri kadiri nilivyoweza. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na shamba langu liko wapi humo?"

Swali hilo ndilo uhakiki wangu wote, na laiti ningeweza kuishia hapo. Lakini haki inataka majina nayo yapimwe, maana ni rahisi kuyasifu mambo ya wazee kwa sababu tu ni ya wazee.

Wasukuma na Wanyamwezi wana majina mengi ya udongo. Kuna luguru, penye mawe ya kilimani. Kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika upesi, wa mihogo, karanga na viazi vitamu vya kutengenezea michembe na matobolwa. Kuna ikungu, mwekundu. Kuna itogolo na ibambasi nilizokwisha kuzitaja. Kuna ibushi, ambao una chokaa, na mahindi huupenda. Chini kabisa kuna mbuga, nyeusi, inayopasuka kiangazi hadi mguu wa ndama ukazama, na masika ikanata kwenye jembe. Ukiyasoma majina hayo kwa mfuatano huo unatembea kutoka kilimani hadi bondeni. Mtaalamu wa udongo wa Amani, Geoffrey Milne, alieleza jambo hilo kisayansi mwaka 1935, kwamba katika nchi zetu aina za udongo hufuatana mtelemkoni kama mnyororo, na mnyororo huo hujirudia kila kilima na kila bonde. Aliuita kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na neno hilo sasa linafundishwa duniani kote. Ni ugunduzi mkubwa, na ulitokana na ardhi yetu ya Afrika Mashariki. Jina la mnyororo ni la Kilatini, lakini pete zake zilikwisha kupewa majina na waliokuwa wakizilima.

Ubora wa majina haya ni kwamba kila jina ni ushauri. Ukisema itogolo umesema mpunga, umesema kingo za jaruba, umesema wakati wa kuanza kulima. Hata mwendo wa jembe umo ndani yake. Waliolima kwa vikundi wakiimba wanajua kuwa wimbo unaokwenda vizuri kwenye luseni utawachosha watu kwenye mbuga yenye maji, kwa sababu jembe halitoki kwa wakati. Udongo huchagua wimbo.

Walakini majina yana udhaifu ambao kitabu cha Munsell hakina. Hayasafiri. Nimewahi kuwasikia wazee wawili, mmoja wa Ziba na mwingine wa upande wa Nzega, wakibishana juu ya donge moja, kila mmoja akiwa na jina lake na kila mmoja akiwa na hakika. Hakukuwa na kitabu cha kuwaamua. Tena jina hufundishwa kwa vidole. Asiyekuwa na mtu wa kumshika mkono shambani halipati. Jina halisemi pia ni kirutubisho kipi kimepungua baada ya miaka thelathini ya pamba. Kwa hilo shangazi alihitaji maabara, na alikiri mwenyewe kuwa mavuno ya siku hizi hayaelewi. Na mwisho, ambalo ndilo kubwa, jina hufa. Rangi iliyoandikwa katika tarakimu itasomeka miaka mia ijayo. Jina lisilotamkwa kwa vizazi viwili limekwisha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kosa langu.

Mwaka 1986 nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi ya upande huo. Somo lilikuwa aina za udongo, na kila aliyesoma Tanzania analijua jibu: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Niliwapa watoto jaribio, wataje aina tatu za udongo. Msichana mmoja wa darasa la nne aliandika nne: luseni, itogolo, ibambasi, mbuga. Nilimwekea alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, nikaandika pembeni, "Tumia Kiswahili. Soma swali." Nilikuwa kijana, na niliamini kwamba nalinda lugha ya taifa na sayansi kwa wakati mmoja. Sikujiuliza kwamba mimi, mtoto wa Ziba, nilikuwa nimelishwa na itogolo mpaka nikafika chuo cha ualimu.

Kichanga, mfinyanzi na tifutifu si maneno mabaya. Ni ya kweli, tena yana faida, kwa kuwa humfundisha mtoto kwamba udongo umefanywa kwa chembe kubwa na ndogo. Lakini kwa mtoto wa Ziba ni maneno matatu badala ya saba, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu litakalomwambia asipande mpunga nyuma ya zizi. Tunapowalaumu watafiti kwa kuacha majina nje ya taarifa zao, inafaa tukumbuke kwamba sisi walimu tuliyaacha kwanza, na tuliwaadhibu waliokuwa nayo.

Baada ya kisa cha taarifa ile nilikwenda kumtafuta yule msichana. Sasa ni mama wa watoto watano, ana majaruba yake mwenyewe ya mpunga si mbali na barabara. Nilimkuta na mwanawe wa mwisho, mwanafunzi wa darasa la tano. Nilimwuliza mtoto kama anazijua aina za udongo. Akasimama wima kama wanavyosimama darasani, akasema, "Kichanga, mfinyanzi, tifutifu." Nikamwuliza, "Na huu tuliosimama juu yake?" Akautazama, akanitazama, akamtazama mama yake.

Mama akacheka, akasema, "Ndivyo ulivyotufundisha, Mwalimu."

Hakusema kwa ubaya. Nilimweleza juu ya lile jaribio, naye hakulikumbuka hata kidogo. Mimi ndiye ninayelikumbuka.

Je, yawezekana kufanya vinginevyo? Nasema ndiyo, na mfano ninao kutoka upande wa sanaa. Mwaka 2010 mtafiti wa muziki Mmarekani, Frank Gunderson, alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma, kilichochapishwa Leiden, Uholanzi. Mna humo nyimbo zaidi ya 300, nyingi zikiwa za kulima. Kitabu hicho nacho kina kasoro ambayo mtu wa Ziba ataiona mara moja: kimeandikwa kwa Kiingereza, na kwa mkulima kiko mbali sana. Lakini mwandishi wake alifanya jambo moja ambalo watu wa udongo hawakulifanya shambani kwa shangazi. Aliyaweka maneno ya Kisukuma kwanza, kama yalivyoimbwa, ndipo akaweka tafsiri yake. Msukuma akikishika kitabu hicho, hata asipojua Kiingereza, akisomewa ataitambua sauti ya babu yake. Hakuna atakayeuliza wimbo wake uko wapi humo.

Ninachokiomba kwa watafiti wa udongo si kikubwa kuliko hicho. Waandike 10YR 5/2, na karibu yake waandike itogolo. Waandike tena 10YR 5/2, na karibu yake waandike ibambasi. Msomaji wa mbali ataona ajabu kwamba rangi moja ina majina mawili, na ajabu hiyo itamfanya ashike sululu. Msomaji wa karibu atalikuta shamba lake. Wala kazi hiyo si ya watafiti peke yao, kwa sababu majina hayo hawawezi kuyapata kama sisi wenyewe tumekwisha kuyasahau.

Mimi nilianza kwa njia ya kitoto. Nilikusanya udongo wa kila aina, nikaupepeta, nikaupaka gundi na kuubandika katika daftari, safu kwa safu, nikiiga kitabu cha Munsell. Nilijiona nimemshinda, kwani yeye alitumia rangi za kupaka, nami nimetumia udongo wenyewe. Daftari lilipokauka nikaona aibu. Gundi ilikuwa imeutia giza udongo wote: luseni imekuwa kama iliyonyeshewa, na ikungu imekaribia weusi. Kijana yule wa chuo kikuu, aliyepita tena Ziba wakati wa likizo, alinieleza sababu. Gundi, kama maji, hujaza nafasi zilizo kati ya chembe. Mwanga ukiingia hupotea ndani badala ya kurudi machoni. Nilimheshimu Munsell upya. Kumbe mchoraji yule alijua kwa nini vipande vyake lazima viwe vya rangi iliyopakwa, isiyobadilika, na si vya kitu chenyewe.

Basi tuliacha daftari, tukatumia chupa. Yule kijana alikuja na kitabu, nami nikatafuta chupa saba ndogo za kioo cheupe, zilizokuwa za dawa, nikazichemsha na kuzikausha. Tulifanya kazi kati ya saa nne na saa nane mchana, siku isiyo na mawingu, udongo wote ukiwa mkavu. Kijana alichungulia na kutaja tarakimu, shangazi akafikicha na kutaja jina, nami nikaandika yote mawili kwenye karatasi na kuibandika kwenye kila chupa. Mahali walipotofautiana hatukumwamua yeyote. Mahali tulipokosa uhakika tulirudi shambani na jembe.

Chupa hizo saba sasa ziko kwenye kabati la darasa la tano, katika shule niliyofundisha. Mbili kati yake zimeandikwa tarakimu zilezile na majina mbalimbali. Mwalimu wa darasa hilo ameniambia kwamba watoto wakifunguliwa kabati, chupa wanazoziulizia kwanza ni hizo mbili.